Nyoka wa Kumi

Shangazi Mwanakheri aliichora mwenyewe,
nyuma ya kalenda ya duka la vitambaa,
kwa rula ya shule na kalamu mbili.
Vyumba mia. Ngazi saba. Nyoka tisa,
kila nyoka na jina lake:
huyu Mwenye Nyumba, huyu Bili ya Maji,
na yule mnene wa tisini na sita, mwenye miwani,
alimwita Njoo Kesho.
Tukataka nyoka zaidi.
“Tisa wawatosha,” alisema.

Kete zetu mbegu za ubuyu.
Tulizimumunya mpaka rangi ikaisha, zote zikawa nyeupe,
kisha tukagombana ipi ya nani.

Leo nimeikuta Kuze, chini ya godoro lake,
siku ya tatu ya kufungasha vitu.
Inanuka udi na mende.
Nimeitandaza sakafuni. Ndogo hivi!
Naapa ilikuwa inajaza chumba.
Na nyoka sasa nawajua kwa sura:
Mwenye Nyumba hunipigia simu kila tarehe tano,
Njoo Kesho nilikaa mbele yake miezi minne
afisi ya ardhi, faili mapajani,
na miwani kweli anayo.

Ila ngazi ile ndefu,
kutoka tatu hadi sabini na nane,
ngazi ya Athmani, aliyeipanda akipiga kelele “Napaa!”
hata jirani akagonga ukuta,
imebanduka pembeni.
Karatasi juu ya karatasi, gundi ya uji wa ngano.
Nimeinyanyua kwa ukucha.

Chini yake, nyoka.
Mwembamba, kachorwa kwa haraka,
kalamu imetoboa karatasi penye jicho.
Kichwa sabini na nane, mkia tatu.
Jina limekwaruzwa kwa wembe,
imesalia herufi ya kwanza,
herufi ya kaka yake,
yaani baba yetu,
aliyekwenda Maskati kwa miezi sita mwaka ule,
na bado.

Sijui alikaa na nyoka huyu usiku mmoja au wiki
kabla ya kukoroga uji.

Swafiya amechuchumaa, dadu mkononi,
kete yake kifungo cha buibui.
“Mama, hapa mtu hupanda au hushuka?”

Nimeirudisha ngazi, nikaibonyeza kwa kidole gumba.
Haishiki.
“Tupa,” nimemwambia.
“Tutaona ukifika.”