Matundu ni ya Nani

Mwalimu Ndeonasia hakuwa na vifaa vya maabara.
Alikuwa na kopo la Kimbo, msumari wa nchi tatu,
na ala ya peni aliyoikata kwa wembe.
Akaichomeka ubavuni mwa kopo, akaziba pembeni kwa jojo
aliyoitafuna mwenyewe, mbele yetu, bila haya.
"Haya," akasema. "Hapa maji ndiyo yatakayosema."

Tuliagizwa kila mtu aje na kitu
kisichokubali rula.
Aisia alileta kufuli lililopoteza ufunguo.
Mapacha wa Tarimo walileta kiazi kimoja, wakakigombea.
Mtu alileta parachichi. Likaelea, tukacheka,
likazamishwa kwa sindano ya kushonea magunia
kama mtoto anayeogeshwa kwa lazima.
Maji yakapita kwenye ala, tone, tone, hadi kikombeni,
na hayo yaliyomwagika, akasema mwalimu,
ndiyo ukubwa wa parachichi.
Nikachungulia kikombe.
Ukubwa ulikuwa na sisimizi mmoja, anaogelea.

Kiwaria alileta jiwe.
La Mto Karanga, jeusi, refu kama kipande cha muhogo,
matundu mwili mzima, utadhani andazi
lililozidiwa hamira.
Hilo, mwalimu akalitengea silinda,
ile moja ya kioo, yenye ufa mdomoni,
ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuishika akiwa anaongea.

Mizani: gramu mia na ishirini na sita.
Maji: yamesimama kwenye mia na hamsini.
Kiwaria akalishusha kwa uzi wa cherehani.
Maji yakapanda, mia mbili na kitu,
kalamu zetu zikainuka
na jiwe likaanza kupumua.
Mapovu, madogo, mengi, kutoka kila tundu,
na maji yakawa yanashuka
yakishuka
hadi mia na tisini na tano, yakatulia.
Arobaini na tano, basi. Gawanya.
Mbili nukta nane.

Kiwaria alikuwa na kigugumizi,
kwa hiyo akiuliza swali alikuwa ameshalipima sana.
"Ma... matundu, mwalimu,
ni mali ya jiwe
au ni mali ya maji?"

Chaki ikarudi mezani.
Nje, Pasua nzima ilisikika: bati linagongwa,
mtu anauza mkaa, treni haipo.
"Sijui," akasema mwalimu. "Nipe mpaka kesho."
Tukatazamana kana kwamba ametukana.

Usiku jiwe lililala kando ya jiko la mpishi wa uji, likakauka.
Asubuhi mwalimu akaja na kishina cha mshumaa wa kanisani.
Kiwaria akayeyusha, akaziba matundu kwa ukucha,
moja baada ya jingine, ulimi nje,
kipindi kizima, hadi wa Hisabati akaja akagonga mlango akaondoka.
Tukalizamisha.
Hakuna povu.
Mia mbili na kumi, na hapo hapo.
Nta tuliipima, tukaitoa kwenye hesabu.
Mbili nukta moja.

Ubaoni akaandika yote mawili.
Hakufuta jana.

Alhamisi mkaguzi akasimama mlangoni na faili lake:
jibu sahihi ni lipi hapo?
"Na nta au bila nta?" mwalimu akamuuliza,
kwa adabu kabisa, kama anayemuuliza mgeni kuhusu sukari.
Akaandika kitu. Kirefu.

Mwaka jana tulikwenda kuwazikia mama, kina Kiwaria.
Yeye alikuwa uani anahesabu viti vya kukodi,
anakosea, anaanza upya.
Mimi nikatumwa kufunga banda la kuku
na mlango wake ulikuwa umezuiwa kwa jiwe.
Nikaliinua. Vumbi, manyoya, kinyesi.
Nikalipima kwa kiganja, sikupata namba.
Kwenye tundu moja nta bado ipo,
imekuwa ya kijivu,
ina alama ya ukucha wa mtoto.