Bado

Mwezi wa sita, Mbeya. Loleza haijavua ukungu
na saa nne inakaribia. Nanawa mikono kwa maji
yanayouma hadi kwenye kiwiko.

Kitandani amelala Lwitiko wa Santilya,
miaka kumi na sita, kidato cha tatu,
aliyekua akilala chumba kimoja na maua ya pareto
yaliyoanikwa darini juu ya moshi.
Vumbi likamwasha, naye akafikicha,
akafikicha akichunga, akafikicha akisoma,
hadi kioo cha jicho kikalegea,
kikachomoza mbele kama kitako cha parachichi.
Sasa taa moja anaziona tatu,
na ubaoni namba nane ina watoto.

Ngozi ya juu ya konea imekwisha kukwanguliwa.
Kazi yangu ni tone.
Riboflavini, njano ya kiini cha yai la kienyeji,
tone moja kila dakika mbili.
"Sista, nalia mafuta ya alizeti."
Kweli, shavuni ana mfereji wa njano.
"Usinichekeshe. Jicho linacheza."

Mama yangu aliuza viazi Uyole.
Nimekulia kwenye lumbesa:
gunia limejaa, likavishwa kilemba cha wavu,
kilemba nacho kikajaa,
na mnunuzi akitazama pembeni akasema, moja.
Mama hakubisha. Alishona kwa kamba ya katani,
akaikata kwa meno.
Labda ndiyo sababu nilipenda vipimo.

Miaka yote tulipimia saa ya ukutani.
Nusu saa, basi, dawa imezama,
kana kwamba kila jicho ni udongo uleule,
kana kwamba mvua hunyweka Chunya
kama inavyonyweka Tukuyu.
Mwaka huu tumepata chombo. Kinamulika buluu,
dawa iliyomo ndani inajibu
kwa kijani cha jani la mgomba lisilofunguka,
na namba inapanda pole pole,
inasita,
inapanda.

Dakika ya thelathini. Daktari Sanga
ameshika tayari shingo ya taa ya miali.
"Muda umetimia."

Namba haijatimia.
Dawa hiyo ndiyo gundi, ndiyo na mwavuli:
ikipungua, miali hupita hadi utando wa nyuma,
kwenye seli tulizogawiwa mara moja tu
tukiwa tumboni, hakuna nyongeza.
Nje wanne wanasubiri, mmoja ametoka Makete usiku.
Nikasikia mtu anasema, "Bado, daktari,"
na mtu huyo alikuwa mimi.

Akanitazama juu ya barakoa.
"Bado kiasi gani?"
"Sijui. Itasema yenyewe."

Tone. Dakika mbili.
Tone. Mashine ya oksijeni chumba cha pili inakohoa.
Tone.
Kwenye tone la nne namba ikafika, ikatulia
kama kuku aliyepata kiota.
Daktari akawasha taa, hakusema kitu.
Kisha, akiwa ameinama: "Andika. Dakika thelathini na nane."

"Unaona nini, Lwitiko?"
"Ziwa Ngozi, saa sita mchana.
Ila hili halina baridi."

Koridoni mama yake ana sweta nusu mapajani,
mishono anaihesabu kwa midomo.
"Ataona vizuri sasa?"
"Ataona kama jana, mama. Tumeizuia kesho
isiwe mbaya kuliko jana."
Akafikiri. Akarudia mshono uliomponyoka.
"Na dawa, mmempa ya kutosha?"
"Nimeipima mwenyewe."
"Lumbesa?"
"Hapana. Gunia, limefungwa usawa wa mdomo."
Akacheka, akaziba pengo kwa kiganja.

Jioni namenya viazi,
njano bado imo kwenye ukucha wa gumba.
Nasugua kwa limau, haitoki.
Naiacha.