Msasa

Herufi ya kwanza niliikata kwenye msasa
aliobakisha Fundi Bunu kule Langoni
alipomaliza kulainisha mlango wa hoteli.
Ulikuwa bado na vumbi la mbambakofi.
Nikaibandika kwa uji wa ngano
juu ya ubavu wa boksi la tende,
nikamwita Esha aje aiguse.

Mmm.
Si "em", si "me".
Midomo imefungwa, kama ya mtu anayemumunya halua
na hataki kuulizwa ameitoa wapi.
Mmm.

Akapitisha vidole viwili, cha shahada na cha kati,
akapanda, akashuka, akapanda tena.
"Inakwaruza."
Inakwaruza, ndiyo. Ukihisi pameteleza
ujue umetoka njiani.

Mimi sikugusishwa herufi. Niliimbishwa:
ba be bi bo bu, benchi zima kwa pumzi moja,
fimbo ikitembea ubaoni mbele yetu,
na nikafika darasa la tatu nikidhani
babebibobu ni neno moja, refu, la adhabu.

Kwetu hapa kuna kikapu.
Humo nimetia sabuni, soksi, sumni ya zamani,
na vikiisha hivyo, kuna nyumba nzima.
"Nenda ukaniletee kitu kinachoanza na sss."
Akaleta sahani. Akaleta sufuria, akiiburuza.
Kisha akaja na paka, amembana kwapani.
"Paka, Esha?"
"Sss," akasema. "Ndivyo anavyonambia."

Bi Zubeda, dirisha la pili, ana mjukuu wa rika lake.
"Wangu ameshafika zedi," huniambia.
"Wako bado analia kama nyoka?"

Zidaka za ukuta huu zilikuwa za sahani za Uchina.
Sahani ziliuzwa moja moja, kwa karo, kwa mazishi.
Sasa kila kidaka kina herufi yake,
isipokuwa v na w, zinazolala pamoja
kwa sababu kidaka cha mwisho kilimeguka
mvua za mwaka juzi.

Siku ile sikumwambia achukue.
Nilikuwa napepeta mchele.
Nikasikia kigoda kikiburutwa hadi ukutani,
nikasikia mmm, aaa,
kimya kirefu,
ulimi ukigusa meno,
ooo.

Juu ya mkeka, zimekaa upande upande:

m a t o

Mkono wangu ulikuwa umeshatoka.
Ulikuwa umeshafika kwenye kidaka cha ch.
Kitabu cha shule kinasema macho,
na Januari atakaa mbele ya kitabu hicho,
na mwalimu, kijana wa kutoka bara,
atatia kosa kwa wino mwekundu,
na hatakuwa amemwonea.

Lakini Esha ameandika alichosikia.
Ndicho nilichomwomba miezi mitano:
sikiliza kwanza, kisha tafuta.
Na nyumba hii, kila alfajiri,
husikia bibi yake akiita atiliwe dawa ya mato,
ile t ya kwenye meno
ambayo hata kidaka sina cha kuiwekea.

"Kaandika nini?" mama mkwe aliuliza kutoka kitandani,
yeye aliyesoma hati za Kiarabu tangu udogoni,
ambaye herufi hizi hazijawahi kumhusu,
na sasa mtoto wa jicho amemzibia hata zile.

Esha akabeba herufi zake, moja baada ya moja,
akazipanga juu ya shuka.
Akamshika bibi vidole viwili, akaviweka kwenye m.
"Panda," akamwambia. "Shuka. Usiteleze."
Bibi alikwenda polepole kuliko mtoto.
Alipofika kwenye o alizunguka mara mbili,
kama mtu asiyeuona mlango.

"Mato haya yakwaruza," akasema.
"Kama yangu."

Nilikuwa bado nimeishika ch.
Sikuirudisha kidakani.
Niliifunga kwenye pindo la leso
pamoja na pesa za maziwa.