Uzito wa Mwanzo

Kipimo hiki nilikiokota kabatini
siku walipobomoa maabara ya zamani:
kioo chembamba, shingo ndefu yenye tarakimu,
risasi chini, kama mtu aliyekula akashiba.
Mwalimu mkuu aliuliza ni cha nini.
Nikasema, cha maziwa.
Maziwa nayo kinayajua. Sikudanganya sana.

Sasa kinaelea jikoni kwangu, Iganzo,
mwezi wa sita, Loleza amejifunika hadi shingoni.
Maji ya kimea, lita ishirini,
nimeyachuja kwa pazia kuukuu, yanapoa ndooni.
Shayiri ni ya Uyole. Niliiotesha mwenyewe
kwenye gunia bichi chini ya kitanda,
mume wangu akinung'unika kwamba analala shambani.

Nainama mpaka jicho lilingane na maji.
Maji matupu husoma elfu moja;
kinachozidi hapo ndicho utamu, ndicho chakula cha hamira,
ndicho kitakachogeuka kilevi.
Elfu moja na thelathini na nane.
Hii ni bia ya mgonjwa.
Baridi iliwahi kimea kabla hakijachipua sawasawa,
na mwisho wa mwezi wanakuja watu wa Kyela
kumposa Tulinagwe wangu,
watu wanaopima nyumba kwa jinsi pombe yake inavyobisha hodi.

Mkono ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa sukari.

Kilo moja kwa lita ishirini
hupandisha alama kumi na tisa.
Hesabu hiyo naijua kama jina la babangu.
Nikamimina kavu, nikakoroga mara tatu, nikapima:
thelathini na tisa.
Alama moja!
Nikamlaani mwenye duka la Mwanjelwa,
nikamlaani na aliyemuuzia,
nikamimina kilo ya pili.

Mama Subilaga, anayepika kimpumu ng'ambo ya ua,
ambaye hajawahi kupima kitu ila kwa ulimi,
alikuja kuazima chujio.
Akazamisha mwiko mpaka chini kabisa,
akautoa umevaa mchanga mweupe.
"Sukari yako imelala," akasema.
"Nawe unaipigia hodi kwenye paa."

Nilichemsha maji kidogo, nikaiamsha,
nikakoroga mpaka bega likalia.
Sabini na sita.
Kutia ni rahisi; kutoa, hakuna chujio linaloweza.
Ningeongeza maji, ningepunguza na shayiri,
na ndoo ilishajaa hadi mdomoni.
Basi nikatia hamira, nikaifunika kwa blanketi la mtoto,
nikasikiliza siku kumi na mbili
ikinong'ona, ikicheua, ikinyamaza.

Kipimo kikazama hadi sita.
Hamira ilikula kila kitu, ikalamba na sahani.
Mama Subilaga akaonja, akafumba jicho moja.
"Ina nguvu," akasema.
Kisha, baada ya kitambo:
"Lakini haina mtu ndani.
Ni nyumba iliyowashwa taa, wenyewe wamesafiri."

Wageni waliisifu. Kikombe cha pili
kilimwondoa mshenga Mwandemele kofia,
cha tatu kikamfungua maneno:
kijana wetu ana nyumba Kyela, nyingine Kasumulu,
kijana wetu ana gari, ana shamba la kakao,
hanywi, hafokei mtu, hajawahi kukopa.
Kila sentensi kijiko, kila kijiko kimejaa,
na kipimo cha mume wangu kinapanda, kinapanda,
tayari anatabasamu kama baba mkwe.

Nikamtazama kijana mwenyewe.
Amekaa pembeni, ananyoosha mkunjo wa suruali,
hajasema hata alama moja.

Nikaweka kikombe chini.
"Tumesikia," nikasema, "na tumeshukuru.
Mtupe wiki tatu.
Hapa kwetu siku hizi
tunakoroga kwanza mpaka chini."

Nje ya dirisha nilimsikia Mama Subilaga
akicheka peke yake na chungu chake.