Macho Hayo

Walipomwona walisema: macho hayo!
Kerubo wa kioski akampa jina Gololi.
Kwenye foleni ya maji ya Jumanne
waliyasifu hadi Wakesho akamfunga uzi mweusi mkononi,
kijicho kisimpate.
Nami nyuma yao na madumu yangu,
kichwa kimevimba. Mwanangu Mghoi.
Miezi mitatu, na Umoja nzima
hakuna aliyetazama kama yeye.

Machozi yalimtoka hata asipolia.
Tukafuta.
Akitolewa barazani alizika uso
kifuani mwa mamake
kama mtu aliyemwona mdai wake.
Na ule ubuluu wa moshi
tukasema ni wa babu yake, kule Wundanyi.

Daktari Gatwiri hakusifu.
Alimlaza chini ya taa,
akapima kioo cha mbele cha jicho.
"Milimita kumi na tatu," akamwambia mwanafunzi wake,
kwa sauti ninayotumia mimi
nikikuta bomba limepasukia ndani ya ukuta.

Jicho lina maji yake, akasema.
Yanaingia, yanatoka kwa mfereji mwembamba pembeni.
Wa huyu haukumalizika kujengwa tumboni.
Presha inapanda, na jicho changa ni laini,
linatanuka.

Nikasema: hapo naelewa, daktari.
Miaka kumi na minne nazibua sinki za Kileleshwa.
Maji yasiyo na pa kwenda
hayana chuki na mtu.
Yanasukuma tu.

Lakini sikuwahi kusimama mbele ya sinki
nikajisifu kwamba imejaa.

Walimpasua Alhamisi.
La kushoto lina matumaini.
La kulia, akasema, tutazungumza.
Hiyo "tutazungumza" tulirudi nayo nyumbani.
Imekaa kitini. Hainywi chai.

Saa nne usiku namtia dawa.
Bomba la jikoni limekauka tangu Jumamosi,
nami, mikono hii ya spana,
nahesabu: tone moja, kila jicho,
nabana kona ya pua kwa kidole kama alivyonionyesha,
lisipotee hata kidogo.
Mghoi ananipiga teke la mbavu.
Vizuri. Piga.

Jana, kwenye foleni, mwanamke nisiyemjua
alifunua shali, na wote wakainama:
macho hayo!
Walikuwa watatu tu mbele yangu.
Nikaweka madumu chini, nikatoka kwenye mstari.

Mama, nikamwuliza,
huwa yanatoa machozi
akiwa hajalia?