Kiatu cha Chuma

Wiki ya kwanza nilidhani behewa ni kama ng'ombe,
ukilipiga bega litakwenda.
Nikalipiga bega. Tani ishirini na mbili, tupu,
barafu imeganda kingoni,
na aliyesogea ni mimi,
buti zikateleza nyuma juu ya kokoto.
"Umelisukuma, nalo limekusukuma," akasema Zenta.
"Hamdaiani."

Akauingiza mtaimbo chini ya gurudumu,
akaulalia kwa uzito wake wote, ambao si mwingi,
na kwa muda hakikutokea kitu
ila mvuke wa pumzi yake.
Kisha chuma kikalia, kama mlango wa kabati.
Unywele mmoja. Unywele wa pili.
"Usiache. Likishakubali, usiache."

Likaenda mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea.
"Haya, lisimamishe," akaniambia, akawasha sigara.
Nilining'inia kwenye ngazi yake, nikachimba visigino,
likanikokota kama mfuko wa nguo chafu.
Halikunichukia. Hilo ndilo lililoniogopesha.
Lingekuwa na hasira, ningelibembeleza.

Shuleni walituandikia ubaoni:
kilichotulia hutulia, kilicho mwendoni huendelea,
mpaka kani ije kutoka nje.
Nilipata alama nane kati ya kumi.
Neno lenyewe, inesha, nililikariri
kama jina la ugonjwa wa mtu mwingine.

Rezekne, Januari. Talivaldis anayasukuma mabehewa
hadi kileleni mwa kilima cha kupangia,
anayafungua moja moja,
na kuanzia hapo hayana dereva,
yana mteremko tu, na uzito wao.
Mbao. Saruji. Mbolea.
Debe tupu huvuma, hilo kila mtu analijua.
Nani aliwahi kutuambia kuhusu debe lililojaa?
Lililojaa huja kimya,
na theluji inameza hata ule ukimya.

Kazi yetu ni kuyavisha viatu.
Kipande cha chuma, kilo saba, unakiweka juu ya reli
na kuondoa mkono.
Gurudumu linakipanda, linaacha kuzunguka,
chuma kinasuguana na chuma
mpaka kasi yote igeuke joto.
Ukikichomoa baadaye na kukitupa kwenye theluji,
kinafoka.
"Kiweke mbali," Zenta alisema, kila usiku, kila behewa.
"Lipe nafasi ya kuteleza.
Likigota ghafla, mzigo haugoti."

Nilimwelewa Jumanne moja, kwa tangi la mafuta ya alizeti
lililojaa nusu.
Nilikiweka kiatu karibu mno. Tangi likasimama.
Nikanyoosha mgongo, nikajisifu moyoni,
ndipo likaruka hatua moja mbele, peke yake,
hakuna mtu, hakuna upepo,
mafuta yamegonga ukuta wa mbele
yakarudi, yakagonga wa nyuma.
Tulisikiliza yakienda na kurudi.
Nje limefika. Ndani bado liko njiani.

Ijumaa walimpa Zenta keki, saa ya ukutani,
na karatasi yenye muhuri. Miaka thelathini na minne.
Jumatatu, saa kumi na dakika arobaini alfajiri,
yuko getini, chupa ya chai kwapani, glavu zimevaliwa.
Kadi yake haikufungua lango.
Mlinzi alitazama viatu vyake mwenyewe.
Zenta akaijaribu kadi tena.

Ningeweza kusema, rudi nyumbani, mama, yamekwisha.
Nikakumbuka umbali.
Nilimpokea chupa, nikamwomba mlinzi dakika kumi,
tukatembea kando ya uzio, yeye mbele,
kwa mwendo wake wa kazini,
kisha polepole, kisha polepole zaidi,
tukiongea bei ya kuni, na paka wa jirani yake
aliyezaa ndani ya sanduku la viazi.
Upande wa pili wa waya behewa lilishuka bila sauti.
Alihesabu ekseli kwa midomo.

Kwenye kituo cha basi alivua glavu moja
akanipa mkono.
Ulikuwa wa moto.