Deni la Ukuta

Miaka kumi na tisa nilijisifu.
Mti wa Chile, majani kama kucha za mtoto mchanga,
mti usiojua kupukutika,
ulisimama kwenye kona ya ua wangu hapa Cricieth,
umeupa mgongo ukuta wa matofali,
na watu waliopoteza yao kwa sakitu
walikuja kuniuliza siri.

Nikawapa, bure, kwa sauti ya mwalimu:
usiupande penye upepo wa bahari,
udongo usituamishe maji,
tandaza maganda ya msonobari shinani,
na Novemba uuvishe gunia, ila usiubane,
mti nao hupumua.
Nerys aliandika yote nyuma ya bahasha ya bili ya umeme.
Wake ulikufa Januari.
Nilimpa pole. Moyoni nikasema: hana mkono.

Kila Februari, hata kunguru wakiwa wamenuna,
mti wangu ulitoa maua
madogo mno, ya manjano, yamejificha chini ya majani
kama mtu anayekula pipi msibani.
Huyaoni. Lakini harufu! Vanila tupu,
inaruka ukuta bila kubisha hodi.

Ng'ambo ya ukuta alikuwa Idwal, mwoka mikate.
Tulisalimiana kwa kichwa.
Tuligombana mara moja, juu ya mfereji.
Saa tisa za usiku nilisikia sepetu lake likikwaruza tanuri,
nikajivutia blanketi.

Kisha goti lake likakataa. Akafunga duka.
Mimi nikafanya yaleyale:
maganda, gunia, kamba, lile fundo langu maarufu.
Asubuhi moja majani yakawa meusi,
kana kwamba yamechovywa kwenye kahawa.
Nikaegemea ukuta nivute pumzi.
Ukuta ulikuwa baridi.

Miaka kumi na tisa sikuwahi kuugusa.

Nikazunguka hadi mlango wake wa mbele,
mkono mtupu. Nikamwambia.
Alinitazama, akanitazama,
kisha akacheka hadi akalishika goti.
"Mererid," akasema, "watu walitoka Porthmadog
kufuata maandazi yangu ya Februari.
Walisifia vanila.
Sijanunua vanila tangu nizaliwe. Unaijua bei yake?"

Siku hizi redio ikitaja sakitu
taa ya kwake huwaka saa tisa.
Anasema ni usingizi tu, umemzoea vibaya.
Nasikia kuni. Nasikia sepetu.
Natoka gizani na koti juu ya gauni la kulalia,
naweka kiganja kwenye tofali
nangoja lipate uvuguvugu,
kama shavu la mgonjwa anayerudi.

Mti umebaki nusu; upande wa nje niliukata kwa msumeno.
Upande wa ukutani una vitumba. Nimehesabu kumi na vinne,
nikahesabu tena, kumi na tatu.
Mlangoni kuna mikate sita ambayo hakuna aliyeiagiza,
nami naishi peke yangu.
Nerys huchukua miwili.
Amenunua mche mwingine, amekuja na bahasha nyingine.
Nimempa siri upya.
Safari hii nimeanza na ukuta.